Waya wa Umeme Ukilegea Juu ya Nyumba Yako, Usijifanye Fundi: Piga Simu

Leo naomba tuweke kando kidogo habari za presha na kisukari, tuzungumze juu ya jambo linaloua kwa nukta moja tu, wala halingojei umri wala unene. Nazungumzia waya wa umeme uliolegea juu ya nyumba unayoishi.

Najua wengine mtasema, "Hii ni safu ya afya, umeme umeingiaje?" Umeingia kwa sababu mtu akinaswa na umeme hapelekwi kwa fundi, anapelekwa hospitali, au anapelekwa makaburini. Mimi si injinia. Ninafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa hapa Marekani, na ninayoandika humu ni yale ambayo kila mwenye familia anapaswa kuyajua, pamoja na maoni yangu ambayo huenda hayatawafurahisha wote.

Nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

NILISHIKA NGAZI

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napanga nyumba ya zamani katika jimbo la Kentucky, sisi na familia nyingine ya kwetu tukiishi ghorofa ya juu na ya chini. Baridi ya mwaka ule ilikuja na mvua ya barafu, ile inayoganda juu ya kila kitu mpaka matawi yanang'aa kama kioo. Barafu ilipoyeyuka tukaona waya unaotoka kwenye nguzo ya barabarani kuja ukutani kwetu umelegea, umeshuka mpaka mtu mrefu akiinua ufagio anaugusa. Na chini yake ndipo watoto walipokuwa wakicheza mpira.

Tulifanya nini? Tulifanya kama tunavyofanya wengi wetu. Hatukupiga simu. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana na fundi hodari wa vitu vingi, alisema, "Hiki ni kitu kidogo, mwanangu. Tuufunge kwa kamba ya nailoni, tuuvute kwenye tawi la mti." Akaleta ngazi ya alumini. Na mimi, mtu ninayefanya kazi ya afya, nikaishika ile ngazi huku miguu yangu imesimama kwenye majani mabichi yaliyolowa maji ya barafu.

Mwenyezi Mungu alituhurumia, waya ukafungwa na sisi tukashuka wazima. Siku ya tatu msoma mita alipita, akaona kamba yetu. Hakusema neno, alirudi nyuma hatua kama kumi akatoa simu. Fundi wa kampuni alipofika, kabla hajagusa chochote alikwenda kwanza kukata umeme kule juu ya nguzo. Kisha akatuita akatuonyesha: pale tulipofunga kamba, ganda la waya lilikuwa limepasuka kwa jua la miaka mingi na kusuguliwa na matawi. Shaba haikuonekana, alumini ndiyo iliyokuwa ikionekana wazi, upana wa vidole viwili hivi kutoka mkono wa mzee wangu ulipopita.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kwa nini hatukupiga simu?

WOGA NA AIBU VINATUPONZA

Jibu ni kwamba tuliogopa. Kwanza tuliogopa Kiingereza chetu cha kuokoteza kwenye simu. Pili tuliogopa kwamba mwenye nyumba atatuona wasumbufu atupandishie kodi au atutoe. Tatu, jirani yangu alikuwa na bili ya umeme ya nyuma, akaona akiita kampuni anajikumbusha mwenyewe kwa mdai wake. Na nne, ambayo wengi hatuisemi, kuna wenzetu ambao karatasi zao hazijakaa sawa, na kila gari lenye taa juu linawatia kiwewe.

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Fundi anayekuja kukagua waya anakuja kukagua waya, hakuja kukagua pasipoti. Bili ya nyuma ni jambo la ofisi ya malipo, na waya unaoning'inia ni dharura. Mambo hayo mawili hayakai kwenye faili moja. Kuhusu Kiingereza, ukipiga 911 hapa Marekani unaweza kutamka neno moja tu, "Swahili", na vituo vingi vina huduma ya mkalimani kwa simu. Jifunze tu kutamka anwani yako vizuri, na mfundishe mtoto wako mkubwa. Anwani ndiyo inayoleta msaada mlangoni.

Na kuhusu mwenye nyumba: nyumba ni yake lakini watoto ni wako.

UMEME UNAOUA SI LAZIMA UWE MKUBWA

Kuna imani potofu kwamba umeme wa nyumbani "unashtua tu", na kwamba unaoua ni ule wa nguzo kubwa za chuma. Si kweli. Hebu tufanye hesabu ndogo. Balbu ya kizamani ya wati 60 kwenye umeme wa Marekani wa volti 120 inavuta nusu ampea, yaani miliampea 500. Sasa basi, miliampea kama 10 tu zikipita mkononi, misuli inakaza na unashindwa kuachia ulichoshika. Zikifika 30 na kupita kifuani zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo mpaka ukasimama. Kwa hiyo umeme unaowasha balbu moja ni zaidi ya mara 15 ya ule unaoweza kukuua. Na waya unaoingia nyumbani kwako unabeba umeme wa nyumba nzima, jiko, hita na mashine ya kufulia. Kwetu Tanzania na Kenya, na hata Uingereza, umeme wa nyumbani ni wa volti 230 hadi 240, kwa hiyo usidhani kule ni salama zaidi.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui, tena ni la muhimu sana: UKIZIMA SWICHI KUU NDANI YA NYUMBA, WAYA WA NJE BADO UNA UMEME. Swichi yako inakata umeme kuanzia pale ilipo kuingia ndani. Waya unaotoka kwenye nguzo hauko chini ya amri yake. Ndiyo maana yule fundi alikwenda kwanza kwenye nguzo. Mtu akikuambia "nimezima meni, panda tu", mwambie apande yeye, tena ikiwezekana umzuie.

Jambo la tatu: ukiutazama waya huo wa Marekani utaona kwa kawaida ni nyaya tatu zilizosokotwa pamoja. Mbili zina ganda jeusi nazo ndizo za moto, moja iko uchi nayo ndiyo inayobeba uzito. Lile ganda jeusi si glavu, linachakaa kwa jua, mvua na matawi. Usilitegemee. Na hata waya wa simu au wa televisheni unaoning'inia usiuguse, kwa sababu huwezi kujua kule mbele umelala juu ya waya gani.

UTAJUAJE KAMA UMELEGEA KUPITA KIASI?

Kila waya una mkunjo kidogo katikati, hilo ni la kawaida. Siku za joto kali unashuka zaidi kwa sababu chuma na alumini hutanuka, na siku za barafu unashuka kwa uzito. Lakini kanuni ya umeme ya Marekani inataka waya wa kuingia nyumbani uwe juu angalau futi 10 (mita 3 hivi) pale watu wanapopita kwa miguu, futi 12 (mita 3.7) juu ya uwanja wa nyumba na mahali pa kuegesha gari, na futi 18 (mita 5.5) juu ya barabara ya umma. Usichukue futi kamba ukapima! Tazama kwa macho tu ukiwa mbali. Piga simu ukiona dalili hizi:

1. Waya umeshuka kuliko ulivyokuwa wiki iliyopita, au kuliko wa majirani.
2. Ndoano inayoushikilia ukutani imechomoka, au ubao ulioishikilia umeoza.
3. Bomba la chuma linalopokea waya juu ya paa limepinda.
4. Tawi limeulalia, au nguzo imeinama.
5. Taa za ndani zinafifia na kung'aa zenyewe upepo ukivuma, au unaona cheche au kusikia mlio kama wa nyuki pale waya unapoungana na nyumba.

Hiyo ya tano msiidharau. Ikiwa kuna cheche au moshi, toka nje na familia, upite upande usio na waya, upige 911.

LA KUFANYA

Kama waya umelegea lakini bado uko juu, fukuza watoto eneo lile, weka viti au kamba mbali kuzuia watu kupita, usiegeshe gari chini yake, usianike nguo karibu, kisha piga simu kampuni ya umeme ya eneo lako. Namba ya dharura iko kwenye bili yako. Inakili leo uibandike kwenye friji. Uingereza (isipokuwa Ireland ya Kaskazini) namba ni 105, ya bure, imekuwapo tangu 2016. Kenya, Kenya Power wana 97771. Kama maisha yako hatarini piga namba ya dharura ya nchi uliyopo.

Mwambie na mwenye nyumba, tena kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha, ili ibaki kumbukumbu. Kwa kawaida waya ni wa kampuni, lakini ndoano, ubao na lile bomba ni vya mwenye nyumba. Kwetu sisi ilikuwa hivyo hasa: kampuni iliuinua waya jioni ile ile, na mwenye nyumba alikuja kubadilisha ubao uliooza. Kodi haikupanda, wala hakuna aliyefukuzwa.

Kama waya umeshaanguka chini, kaa mbali angalau futi 35, yaani mita kumi na zaidi, na piga 911. Usiusogeze kwa ufagio, fimbo wala kamba. Waya ukigusa ardhi, umeme unasambaa kwenye udongo kama mawimbi ya jiwe lililotupwa bwawani, na nguvu yake inapungua kadiri unavyokwenda mbali. Mguu mmoja ukiwa karibu na mwingine mbali, umeme unapita katikati ya miguu yako. Kwa hiyo ukijikuta uko karibu, usikimbie wala usipige hatua ndefu. Bana miguu pamoja na uburute nyayo kidogo kidogo mpaka ufike mbali.

Waya ukiangukia gari ukiwa ndani, BAKI NDANI, piga simu, na wakataze watu wasisogee. Ukitoka ni pale tu gari linapowaka moto: ruka mbali miguu yote miwili pamoja, usiguse gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha buruta nyayo.

Haya si maneno ya kutishana. Januari 2024 huko Portland, Oregon, wakati wa barafu, tawi liliangusha waya juu ya gari lililokuwa limeegeshwa nyumbani. Vijana watatu wa familia moja walikufa pale pale, walipotoka na kwenda kusaidiana. Mtoto mchanga peke yake ndiye aliyesalimika. Na ndugu zetu wa Kongo hawajasahau tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme mkubwa ulipoanguka kwenye soko la Matadi-Kibala mjini Kinshasa baada ya mvua. Watu 26 walifariki, wengi wao akina mama waliokwenda kutafuta riziki. Walikuwa wamesimama kwenye maji.

MTU AKINASWA

Hapa ndipo huruma inapoua. Ukimwona mwenzako amenaswa, damu inakusukuma umvute. USIMGUSE. Ukimgusa mtakuwa maiti wawili. Akinaswa na waya wa nje hakuna ubao wala kijiti cha mwiko kinachokulinda. Piga 911 usubiri umeme ukatwe. Kama ni kifaa cha ndani, zima kwenye swichi kuu kwanza.

Ukiambiwa umeme umekatwa na mtu hapumui wala haitikii, anza kumkandamiza kifua katikati kwa mikono miwili, kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka wenye gari la wagonjwa wafike. Yule wa kwenye simu atakuhesabia. Kama jengo lina mashine ya kushtua moyo, mtu mwingine aikimbilie.

Na akiamka akasema "niko sawa"? Apelekwe hospitali hivyo hivyo. Umeme unaweza kuacha alama ndogo tu kidoleni huku umeunguza misuli ndani. Moyo unaweza kuwa unadunda vibaya bila yeye kujua mpaka upimwe. Misuli iliyoungua inaweza kuziba figo, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Mama mjamzito asikose kabisa kupimwa, hata kama mshtuko ulikuwa mdogo. Tusipake asali wala dawa ya meno kwenye jeraha.

NA NYUMBA TUNAZOJENGA KULE NYUMBANI?

Sasa naomba niseme la mwisho, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Wengi wetu tunabeba maboksi huku usiku na mchana ili tujenge nyumba nyumbani. Tunatuma hela ya msingi, ya tofali, ya bati, ya marumaru. Tunatumiwa picha tunafurahi. Lakini ni wangapi kati yetu tunaoomba picha ya anga, tuone nyaya zinapita wapi juu ya kile kiwanja? Kiwanja cha bei rahisi mara nyingi kina sababu ya urahisi wake, na wakati mwingine sababu hiyo inapita juu yake ikiwa na volti 11,000 au 33,000, nazo hazina ganda lolote. Fundi bati anasimama juu ya kenchi ameshika bati la mita tatu, upepo unamgeuza, na bati linagusa. Yule kijana ana mama yake.

Halafu kuna vishoka. Tunataka umeme uingie haraka, foleni ya shirika ni ndefu, basi tunamtumia shemeji hela "amwone mtu". Mtu huyo anavuta waya kutoka kwa jirani, anauegesha juu ya mti wa mwembe na miti miwili ya boriti, na sisi huku tunaambiwa "umeme tayari". Miaka miwili baadaye mchwa wamekula boriti, waya uko usawa wa kichwa cha mtoto, na bibi anaanika kanga juu yake. Tutalia msiba kwa simu na kuchangishana nauli.

Najua nitapingwa. Kuna atakayesema, "Wewe uko Marekani, kule nyumbani ukipiga simu wanakuja baada ya wiki mbili, tufanyeje?" Nakubali kwamba kuchelewa kupo, na ni haki kulalamika. Lakini kuchelewa kwa fundi hakuupunguzi umeme ule hata volti moja. Wiki hizo mbili zungushia miiba eneo lile, zuia watoto, waambie majirani na mjumbe wa mtaa, na wewe uliye huku piga simu kila siku mpaka wakuchoke. Hela ya simu kila mtu anayo siku hizi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni mambo matatu tu. Leo kabla ya kulala, toka nje utazame waya wako kwa dakika moja. Nakili namba ya dharura. Kisha mpigie anayesimamia nyumba yako kule nyumbani, umwombe akupigie picha ya juu, si ya marumaru.

Yule mzee jirani yangu bado yuko hai na bado tunasalimiana. Kila akiniona ananitania, "Mshika ngazi!" Tunacheka sote. Lakini ninajua, na yeye anajua, kwamba kicheko kile kilibaki vidole viwili tu kisiwepo.

Kinga ni bora kuliko tiba. Nawasilisha.